Dawa Isiyopita Mwilini

Sifa zimwendee Mungu, ajuaye yaliyo sirini bila kuhitaji kipimo. Amenipa miaka mingi ya kazi, akanirudisha nyumbani nikiwa na vidole vyote kumi na macho ambayo bado yanasoma Misale. Magoti yanalalamika, ila yanapigika. Kwa yote hayo nashukuru.

Ninyi vijana mnaosomea kemia, hasa ninyi wa hapa Nyakato mnaopita kunisalimia baada ya Misa, mmeniuliza mara nyingi nilikuwa nafanya kazi gani. Kila nikijibu kwamba nilikuwa napima mikojo, mnacheka, na mazungumzo yanaishia hapo. Chekeni. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Baadaye niliona kwamba mtu anaweza kufungwa au kuachiwa kwa sababu ya kijiko kimoja cha mkojo, nikaacha kucheka.

Maabara yetu ilikuwa hapa hapa mjini, si mbali na Mirongo. Polisi walituletea sampuli za watu waliokutwa na usingizi usio wa kawaida: abiria aliyepewa juisi na jirani yake wa kiti akaamka bila mizigo, mama aliyezinduka hospitalini hajui amefikaje, dereva aliyesinzia kwenye usukani barabara ya Shinyanga. Kazi yangu ilikuwa kutafuta dawa za usingizi na za kutuliza ndani ya mkojo wao, kisha kusema ni dawa gani na ni kiasi gani.

Aliyenifundisha ni Mzee Fidelis, Mkerewe mwembamba aliyekuwa akivaa koti la maabara alilolikata mikono kwa mkasi, kwa madai kwamba mikono mirefu huchovya kila kitu. Mimi baba yangu alikuwa katekista kule Bukoba, na nililelewa kuamini nilichoambiwa. Wiki yangu ya kwanza Mzee Fidelis alinikuta nanakili kwenye daftari maneno yaliyokuwa kwenye lebo ya chupa.

"Umejuaje kwamba huo ni mkojo?" akaniuliza.

"Imeandikwa, mzee."

"Binti wa katekista, hapa si kanisani. Kule unaamini kwanza. Hapa unafungua chupa unanusa."

Nikafungua, nikanusa. Ilikuwa chai ya rangi, tena yenye tangawizi. Dereva mmoja wa lori alipewa chupa aende nayo chooni, akarudi na kile kilichobaki kwenye chupa yake ya chai. Mzee Fidelis alichukua fomu akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Sampuli hii haijatoka kwa mtu." Kisha akaniambia kwamba dereva yule alikuwa na bahati. Angeweka na sukari, tungemwandikia kisukari.

Tangu hapo nilijifunza kushuku. Nilishuku lebo, nilishuku vifuniko, nilishuku saa zilizoandikwa kwenye fomu. Nilishuku hata friza, na siku moja friza ilinipa haki: nilikuta minofu ya sangara katikati ya sampuli, imefungwa vizuri kwenye mfuko, ina jina la mlinzi wetu. Nilipomwita akashangaa. "Mama, si nimeandika jina? Haiwezi kuchanganyika." Nilikuwa nawashuku hata watu walioniambia ukweli mtupu. Hilo nililiungama mara nyingi, mpaka padre akaniuliza kama sina dhambi nyingine.

Mwanzoni tulitumia vioo vilivyopakwa unga mweupe. Unadondosha sampuli chini ya kioo, kimiminika kinapanda, unapuliza dawa, unaona doa la rangi. Doa likikaa mahali fulani unasema, labda ni dawa fulani. Neno "labda" lilikuwa likinikosesha usingizi, maana mahakamani hakuna anayelisikia.

Mashine ya spektromita ya masi ilikuja nikiwa na mvi tayari. Ilitoa mlio kama wa mzinga wa nyuki, na umeme ukikatika ilidai siku nzima ya kubembelezwa kabla haijakubali tena. Kazi yake ni kupima uzito wa molekuli. Inaipa molekuli chaji ya umeme, inaipima, inaivunja, kisha inapima na vipande vyake. Kila dawa huvunjika kwa namna yake. Tulifuata vipande viwili kwa kila dawa, na ilikuwa lazima vije kwa wakati wake na kwa uwiano wake. Kikija kimoja peke yake, hatusemi dawa ipo. Na kabla ya yote, kabla hujachuja wala kupasha, unatia kwenye mkojo kiasi unachokijua cha pacha wa dawa hiyo, aliyetengenezwa akiwa mzito kidogo. Ukimwaga tone njiani, pacha naye anapungua kwa kadiri ile ile. Mwisho unawalinganisha wawili hao, unajua mwanzoni kulikuwa na kiasi gani.

Kuna jambo lingine, na hili mlishike, kwa sababu kisa ninachotaka kuwapa kinasimama juu yake. Mtu akimeza kidonge cha diazepamu, ambayo ni dawa ya usingizi inayojulikana sana, ini halikiachi kilivyo. Linakigeuza kuwa dawa nyingine tatu, na hizo nazo linazifunga na aina ya sukari ili zitoke na maji. Kwa hiyo kwenye mkojo wake utakuta hayo mabaki matatu. Diazepamu yenyewe utaiona kidogo sana, au usiione kabisa. Ndiyo maana kabla ya kupima tulitia kimeng'enya, chetu kilitoka kwa konokono, ili kifungue yale yaliyofungwa. Mwaka fulani nilisahau kukitia, nikaandika kwamba mama mmoja hakuwa na dawa, kumbe anayo. Mwenzangu aliligundua kosa hilo ripoti ikiwa bado iko mezani. Nilishindwa kula siku hiyo.

Sasa sikilizeni. Kule Buhongwa alikuwapo mzee mmoja mjane, mgonjwa wa kisukari, aliyekuwa akihudumiwa na mwanamke aitwaye Skolastika. Alimpikia, akamfulia, akamchoma sindano zake kwa miaka, hatimaye mzee akatangaza kwamba anataka kufunga naye ndoa. Watoto wa mzee hawakufurahi, na mkubwa wao, Deo, aliacha hata kumsalimia mwanamke huyo. Asubuhi moja Deo alifika akamkuta baba yake anakoroma, haamki, hajibu. Akampeleka hospitali, kisha akaenda polisi kusema kwamba Skolastika amemlisha baba dawa za usingizi ili amsainishe karatasi za nyumba. Mzee alizinduka adhuhuri hakumbuki kitu. Skolastika alikamatwa, na kwa kuwa hakuwa na ndugu mjini wa kumdhamini, akakaa mahabusu akisubiri majibu yetu.

Chupa ya mkojo wa mzee ililetwa na Afande Masanja wa upelelezi, mtu wa mwili mkubwa na maneno ya polepole. Niliigawa sampuli kama tunavyofanya siku zote: sehemu moja ya kupima, na chupa yenyewe na kilichobaki ndani yake ikaenda friza. Ile ya kupima niliizungusha kwenye mashine ya kutenganisha mashapo, nikachukua maji ya juu, nikayamwaga ya chini. Hivyo ndivyo utaratibu ulivyosema. Sikuyaangalia mashapo yale. Kumbukeni kwamba sikuyaangalia.

Majibu yalitoka siku iliyofuata. Diazepamu ilikuwapo, tena nyingi kupita kipimo chetu cha juu. Mabaki yake matatu hayakuwapo. Hata moja.

Niliyasoma mara mbili kwenye kioo cha kompyuta. Nilijua mara moja nani wa kumshuku. Neema, mkemia mwenzangu niliyemfundisha mwenyewe, asubuhi niliyoandaa sampuli ile alikuwa ameandaa vipimo vya kulinganishia, na diazepamu safi ilikuwa mezani kwake. Nikaona picha yote: tone limeruka, au bomba la kunyonyea limetumika mara mbili, naye amenyamaza. Nikamwita mbele ya wenzetu wote.

"Neema, umechafua sampuli ya watu."

"Shikamoo, mama," akasema kwanza, kwa sababu hatukuwa tumeonana asubuhi.

"Marahaba. Umeichafua?"

"Sijaichafua."

"Dawa safi ilikuwa mezani kwako. Hii hapa ni dawa safi, haina mabaki. Imetoka wapi?"

Alivua glavu polepole. "Mama, siku ile tulipima mikojo tisa kwenye meza ile ile. Minane ni safi. Maji matupu tuliyoyapitisha kabla na baada ni safi. Kama ni tone langu, tone gani hilo linalochagua chupa ya Buhongwa peke yake?"

Nikasema kwa sauti kubwa zaidi kwamba mtu aliyenifuata kazini miaka yote hiyo asinifundishe. Ninyi mtazeeka pia, mtaona jinsi sauti inavyopanda pale akili inapokwama.

Neema akasema, "Basi itoe ile chupa ya friza. Upime wewe mwenyewe, kwenye chumba kingine. Mimi sitagusa hata kitasa."

Nikapima mwenyewe. Majibu yakawa yale yale.

Afande Masanja alifika akiwa na haraka. "Mama Koku, dawa ipo au haipo?"

"Ipo. Lakini..."

"Basi andika ipo. Fomu ina sehemu mbili tu, ipo na haipo. Hiyo 'lakini' yako haina kisanduku."

Aliyoyasema yalikuwa kweli, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Ningeandika "diazepamu ipo" nisingekuwa nimesema uongo hata herufi moja, na Skolastika angefungwa kwa ukweli wangu. Nilimwomba Afande siku mbili. Akaguna, akasema yule mwanamke anashinda analia na wenzake mahabusu wamechoka naye, akaondoka.

Nikarudi kwenye chupa. Safari hii nilifanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza, niliigeuza kwenye mwanga. Chini palikuwa na utando mweupe. Mkojo uliokaa kwenye baridi hutoa chembechembe nyeupe, na kwa miaka mingi nilikuwa nimeziona nikazipuuza. Huu ulikuwa na uzito mwingine, kama unga wa muhogo uliotuama. Nikachukua punje kidogo kwa ncha ya kijiti, nikadondoshea ayodini, ile ile mliyoitumia shuleni kujua wanga. Ukawa bluu nzito, karibu na nyeusi.

Nikamwita Neema, sasa kwa sauti ya kawaida. Aliigeuza chupa kwenye mwanga.

"Mkojo hauna wanga," akasema.

"Hauna. Poda ya glavu inao."

"Poda ya glavu haijai hivi, mama. Hiki ni kidonge. Wanga ndio unaoshikilia kidonge."

Tuliyayeyusha mashapo tukayapitisha kwenye mashine. Diazepamu ilipanda kwenye kioo kama nguzo. Tukapima tena mkojo, mara moja kwa kimeng'enya na mara moja bila, na hakukuwa na kilichofungwa wala kilichofunguliwa. Dawa ile haikuwahi kuonana na ini la mzee. Mtu alisaga kidonge akakitia ndani ya chupa.

Afande alipokuja nilimweleza. Alikuwa mtu mwaminifu, hakuishiwa maswali. "Pengine ini la mzee ni bovu?"

"Ini bovu huchelewa kazi, Afande. Haliachi dawa nyingi namna hii ipite nzima bila hata alama. Na ini halipitishi wanga wa kidonge ukatua chini ya chupa. Sasa niulize na mimi. Nesi ameandika kwamba chupa, yenye mkojo alioutoa kwa mpira mzee akiwa hajazinduka, imetoka saa nne asubuhi. Wewe umeandika umeipokea saa kumi jioni. Kutoka hospitali hadi kituoni ni mwendo wa kutembea kwa miguu. Saa zote hizo sita chupa ilikuwa inafanya nini?"

Alikaa. Kiti kilimlalamikia. "Ilikuwa na ndugu wa mgonjwa," akasema.

Mnajua desturi yetu. Hospitali zetu zimejaa, wahudumu ni wachache, na ndugu wa mgonjwa ndiye anayetumwa kila mahali: kununua dawa, kupeleka damu maabara, kurudisha majibu. Hakuna anayeona ubaya. Nesi alimkabidhi Deo chupa pamoja na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, apeleke kituoni, kama alivyozoea kumkabidhi kila mtu. Chupa ilifungwa kwa plasta tu, haikuwa na sahihi juu yake. Plasta hubanduliwa na kurudishwa, na haisemi kitu.

"Kwa hiyo ni Deo," Afande akasema.

"Sijasema hivyo."

"Lakini mama, si unaona?"

"Naona kwa jicho la kushuku, Afande. Jicho hilo hilo juzi lilimwona Neema."

Neema, aliyekuwa anaosha chupa kwenye sinki, alifunga maji. Mzee Fidelis alituachia sheria moja, kwamba uliyemchafua mbele ya watu usimsafishe chumbani. Nikawaita wale wale waliokuwapo siku ile, nikamwomba radhi mbele yao. Alisema amenisamehe. Halafu akaongeza, "Ila mama, kesho ukinishuku tena, nishuku baada ya kuangalia chini ya chupa." Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa iliniuma mahali pake.

Kwenye fomu niliweka alama ya "ipo," kisha nikaambatanisha karatasi tatu zinazoeleza ipo namna gani, pamoja na kosa langu la kuyamwaga mashapo ya kwanza. Mkubwa wangu alisita. Aliuliza kama ile sehemu ya kosa ni ya lazima. Nikamwambia kwamba nimekwisha kuiungama kwingine, haitanisumbua kuiungama na mahakamani.

Daktari alitoa ushahidi kabla yangu. Alisema mzee alipofikishwa hospitali sukari yake ilikuwa imeshuka sana, na hilo peke yake latosha kumlaza mtu akakoroma. Kisha mimi nikaapa, nikaeleza yote, hakimu akiandika kwa mkono wake taratibu. Alipofika mwisho akainua uso.

"Kwa hiyo dawa hii iliwekwa kwenye chupa."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na nani?"

Deo alikuwa benchi la pili, shati jeupe, mikono katikati ya magoti. Skolastika alikuwa kizimbani amejifunga kitenge kilichochuja. Wote wawili walinitazama.

"Kabla ya kunifikia, chupa ilipita kwa nesi, kwa mtoto wa mgonjwa, kwa Afande, na kwa karani wetu wa mapokezi. Mimi na mwenzangu tuliishika pia. Mashine inapima dawa, mheshimiwa. Haipimi mkono."

Nilikuwa na jina mdomoni. Nimeliweka mdomoni mpaka leo na sitaliandika hapa, kwa maana niliapa kusema ninachokijua, na hilo nilikuwa nalidhani tu.

Mashtaka yaliondolewa. Kesi nyingine haikufunguliwa, hakukuwa na wa kuthibitisha.

Wiki chache baadaye mlinzi aliniambia kuna mgeni getini. Alikuwa Skolastika. Alikuja mikono mitupu, na nilimheshimu kwa hilo, kwa sababu ningemrudisha na zawadi yake. Tuliamkiana. Akasema amerudi kwa mzee, na ndoa yao inatangazwa kanisani.

"Mungu awabariki," nikamwambia.

"Amina, mama. Nimekuja kuuliza jambo moja. Deo huja kila Jumapili kula na baba yake. Mimi ndiye ninayempakulia. Ananiita mama siku hizi. Nataka kujua nampakulia nani."

"Sijui, mwanangu."

"Lakini unashuku."

"Nashuku. Ndiyo kazi niliyofundishwa."

"Unamshuku yule yule ninayemshuku mimi?"

"Sijakwambia namshuku nani."

Akatabasamu kidogo, akajifunga kitenge vizuri, akatazama barabarani kana kwamba ameona mtu anayemfahamu. "Basi nitaendelea kumpakulia," akasema. "Ni mtoto wa mzee, siwezi kumnyima chakula. Ila kikombe cha mzee nitakuwa nakishika mwenyewe."

Akaniaga, akavuka barabara kwenda kutafuta usafiri wa Buhongwa. Nilisimama getini mpaka nikaacha kumwona, nikimwombea yeye, na mzee, na yule mwingine pia.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulinde unapokula na unapolala. Akupe watu wenye mikono safi mezani kwako. Na ikitokea siku umeshukiwa bila haki, akuwekee mbele yako mtu asiye na haraka. Amina.